Kiuno cha Suruali ya Nyoosha

Kinyozi mmoja walimwita Nyoosha, maana kwenye suruali yake hata nzi angeteleza. Sifa zilikuwa za mkewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikasi. Mumewe aonekane kavaa suruali inayopwaya? Afadhali afe yeye.

Basi Nyoosha alipoanza kupungua, mama wa watu akambania suruali kiunoni. Ikapwaya, akaibana tena, na nyingine zote, mume akiwa kazini asijue. Mama Mikasi alidhani ni uzee, na uzee hautangazwi. Tumbo lilipomsokota Nyoosha, akapewa dawa ya minyoo. Alipoona damu chooni, akaambiwa ni bawasiri. Miezi ikaenda hivyo, Mama Mikasi miguu kwenye cherehani, masikio chooni, hata usingizi akausahau.

Mwishowe wakafika kwa daktari, binti mpole, akampima Nyoosha kwa kamera ya utumbo. Hakuona uvimbe.

"Umepungua uzito, baba?"

"Mimi? Suruali zangu zote zinanikaa kama nilizaliwa nazo!"

Daktari akacheka, akaanza kufunga faili. Mama Mikasi aliona aibu, lakini alisema.

"Zinamkaa kwa sababu nazibana, mwanangu. Hiyo aliyovaa nimeibana mara tatu."

Nyoosha akageuka. "Wewe mwanamke! Kumbe natamba na mifupa?"

"Nilikuwa nakusitiri, mume wangu."

"Umenisitiri hadi kwa daktari!"

Daktari hakucheka tena. Akamrudisha kwenye kamera, akachukua vinyama vya ndani zaidi, vikaenda maabara. Majibu yakaja: saratani ya utumbo mpana, tena ya aina adimu, ambayo chembe zake zina umbo la pete. Mara nyingi haitoi uvimbe. Hutambaa ndani ya ukuta wa utumbo, kama maji kwenye bitana.

"Tumechelewa?" Mama Mikasi akauliza.

"Mmechelewa, mama, sikufichi. Ila kupasua bado kunawezekana. Mngeondoka siku ile bila wewe kusema, leo ningekuwa na jingine la kusema."

Asubuhi ya kwenda kupasuliwa, suruali ilikuwa inapwaya tena. Mama Mikasi akafuata sindano.

"Iache," mume akasema. "Nimechoka kupendeza."

Wakatoka, yeye kashika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, mkewe kamshika wa pili. Majirani waliangalia weee. Mama Mikasi hakubaki hata na nguvu ya kuona haya.