Usiite, Ngoja Uitwe

Siku ya kwanza ya mafunzo nilimcheka mtu wa umri wa baba yangu. Sikukusudia. Lakini nilicheka, na kicheko kile nilikisikia tena kila nilipoketi peke yangu mbele ya mashine.

Walikuwa watu watano, waandishi wa programu wa miaka mingi, katika kituo cha kompyuta kilichoendesha programu za maghala ya vipuri katikati ya Lubumbashi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi michache tu. Nilipewa kazi ya kuwafundisha kwa sababu niliweza kusoma Kiingereza cha kitabu kilichokuja na mfumo mpya, basi. Nilikuwa mbele yao kwa sura moja. Nyingine niliimaliza asubuhi, nikitembea kutoka kwetu Katuba na kitabu kimefunguliwa mkononi, maana tangu askari walipopora mji usafiri ulikuwa haupatikani. Kituo nacho kilikuwa kimezibwa madirisha kwa mabati. Ukishaingia, mlinzi anafunga geti la chuma nyuma yako, na funguo anabaki nazo yeye.

Kwa Kobol, lugha ya kompyuta waliyoizoea, mtu aliandika programu kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na yeye ndiye aliyeamuru kila kitu: soma, linganisha, andika, rudia. Mfumo mpya ulikuwa kiunzi, kama nyumba ambayo nguzo na paa vimekwisha kusimamishwa na wewe unajaza vyumba. Unaandika kipande cha kazi kwa ajili ya kitufe kikibonyezwa, kingine kwa ajili ya dirisha la kwenye skrini likifungwa, kisha unanyamaza. Kiunzi ndicho kinachokuita.

"Usiite, ngoja uitwe," niliwaambia. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima.

Mkubwa wao, mtu mwenye mvi aliyevaa tai hata wakati mji umeungua, aliinua mkono. "Na kama haikuite?"

"Unangoja, papa."

"Nangoja mpaka wapi?"

"Mwalimu," mwenzake akadakia, "hii ni mashini ao ni bureau ya serikali?" Wakaangua kicheko wote.

Alasiri mkubwa huyo aliandika programu yake ya kwanza. Aliweka mzunguko mmoja usiokwisha uliouliza kitufe, umebonyezwa? umebonyezwa? na skrini nzima ikaganda. Ndipo nilipocheka. "Papa, umesimama mlangoni," nikamwambia. "Kiunzi hakiwezi kupita kuita mtu mwingine. Kila kipande kifanye kazi yake kidogo, halafu kiachie."

Baada ya wiki mbili alikuwa amenipita. Alisoma kitabu changu akiwa na kamusi pembeni, akagundua kwamba mfano wa sura ya sita ulikuwa na kosa. Aliponisahihisha alifanya kana kwamba anauliza tu kama ndivyo: "Mwalimu, njo vile, ao mi njo nasahau?" Nilimshukuru, kisha nikatembea mpaka Katuba nikijiuliza kama ananihurumia au ananidharau, na lipi kati ya hayo mawili lingekuwa afadhali.

Wakati huo watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa Katanga, mkoa wetu. Mzee huyu alizaliwa hapahapa Lubumbashi, mtaa wa Kampemba. Baba yake ndiye aliyekuja zamani kufanya kazi kwenye reli, na Kasai kwenyewe yeye hakuwahi kufika. Haikusaidia. Asubuhi moja walikuta ukuta wa nyumba yao umechorwa msalaba kwa mkaa. Mke wake na binti zake wawili wakahamia stesheni, wakalala kwenye mikeka pamoja na mamia wengine, wakingoja majina yao yasomwe ili wapande behewa. Sisi ofisini hatukuzungumza habari hiyo. Tulizungumza vitufe na madirisha.

Mkurugenzi wa kituo aliona anamlinda mzee. Alimwekea kitanda cha kukunja katika chumba cha karatasi. Pia alipeleka stesheni majina ya wale ambao kituo kisingeweza kuendelea bila wao, wasiruhusiwe kupanda mpaka awape barua ya kuwaachia. Kisha akatangaza kwamba mwisho wa mafunzo kutakuwa na jaribio. Atakayeuweza mfumo mpya atabaki. Asiyeuweza atapewa barua.

Niliandika mapema orodha yangu ya wanaostahili kubaki, na jina lake nililiweka juu kabisa. Nilijivunia. Siku moja kabla ya jaribio alinikuta kwenye pipa la maji, nyuma ya jengo.

"Jina yangu uliiandika wapi?"

"Ya kwanza, papa."

"Uitoshe."

Kwa Kiswahili cha kwetu kutosha ni kuondoa, lakini kwa sekunde kadhaa nilijaribu kulielewa neno hilo kwa maana yoyote nyingine.

"Bibi yangu na batoto beko kwa gare, kule stesheni," akasema. "Wagon inaweza kuenda hata kesho. Bakiita majina yabo na mi siko, bataenda peke yabo."

"Lakini itakuwa uongo, na hakuna atakayeniamini. Kila muntu hapa anajua umenipita."

"Hautasema bongo. Mi njo nitaanguka. Weye utasema tu ile yenye utaona."

Alijaza kikombe chake akaondoka. Mimi nilibaki nikiwaza. Wanne waliobaki walikuwa bado wanababaika. Yeye akiondoka, mtu pekee wa kuuendesha mfumo ule ningekuwa mimi. Na mimi nilikuwa na barua ya mjomba wangu mfukoni, akiniita nivuke mpaka niende kwake Kitwe, na sikuwa nimemwonyesha yeyote. Nilijiambia kwamba labda mkurugenzi hatatambua kuwa mzee ameanguka makusudi. Kisha nikajiambia kwamba hiyo ndiyo hatari yenyewe: asipotambua, atakayezuiwa hapa ni mimi.

Siku ya jaribio mkurugenzi alisimama nyuma ya viti, mikono mgongoni. Mzee alikaa, akanyoosha tai, akaandika kwa utulivu, mistari yake imepangwa sawasawa kama kawaida yake. Alipoiwasha programu, dirisha la ghala lilifunguka zuri kuliko lolote nililowahi kutengeneza. Akabonyeza kitufe cha kutafuta kipuri. Kila kitu kikaganda. Hata saa ndogo kwenye pembe ya skrini ilisimama.

Niliutambua. Ulikuwa mzunguko wa siku ya kwanza, uleule niliomcheka.

"Ni mashini ao ni yeye?" mkurugenzi akauliza.

Ningesema ni mashine, angeamuru jaribio lirudiwe wiki ijayo, na barua ya mjomba ingebaki na maana. Neno lilikuwa limekwisha kunifika mdomoni. Mzee hakunitazama. Aliweka mikono yake mapajani, akangoja.

"Ni yeye, Patron."

"Hakuelewa?"

"Hakuelewa tangu siku ya kwanza." Hilo la mwisho halikuhitajika. Mpaka leo sijui kwa nini niliongeza.

"Weye mutoto!" mwenzake akaruka. "Sura ya sita, haiko yee njo alikufundisha? Huna hata haya?"

"Umuache," mzee akasema. "Anasema kweli. Mi niko muntu ya zamani."

Barua ilitiwa sahihi kabla ya saa sita mchana. Alikunja kitanda, akakiegemeza ukutani, akachukua mfuko wake. Hakunipa mkono, kwa sababu wenzake walikuwa wanaangalia. Mlinzi alifungua geti, akapita, likafungwa.

Kama aliwahi, sijui. Mlinzi alisikia kwamba behewa liliondoka siku hiyo jioni. Mtu mwingine alisema liliondoka mchana.

Wale wanne walikaa majuma mengi bila kunisalimu, na sikuweza kuwaeleza, kwa kuwa mkurugenzi angesikia. Jina langu lilipelekwa stesheni, mahali jina lake lilipokuwa. Barua ya mjomba sikuijibu. Nilipewa kile kitanda cha kukunja.

Mwishowe ilibidi nifungue programu yake, maana ya kwangu haikuwa tayari na maghala yalikuwa yanalalamika. Niliuondoa ule mzunguko, mistari mitatu tu. Hapakuwa na kosa jingine hata moja. Nikabonyeza kitufe na kipuri kikatokea. Kisha simu ya ghala ikalia upande wa pili wa chumba, na mmoja wa wale wanne, bila kugeuza kichwa, akasema, "Mwalimu, banakuita."