Nyuzi Tano za Jicho Langu na Bibi Harusi wa Mpofi

Sikatai: mbele ya koo mbili nzima, mimi mwenye diploma ya chuo kikuu na mvi zangu, nilimshika mkono kikongwe nikamtangaza kuwa mchumba wa mpwa wangu. Mnaocheka endeleeni, ila nisikieni.

Kosa lilianzia hospitalini, nilipokwenda kutolewa mtoto wa jicho la kulia (la kushoto nalo lina ukungu wake, linangoja zamu). Daktari akaniambia, “Papa, ngojea mwezi ujao, mwenzangu atakuya na mashine, atapasua katundu kadogo, hakuna hata uzi. Miye nitafungua kubwa na kushona nyuzi tano, na kidonda kubwa inavuta jicho, utaona vitu vimepinda.” Lakini baada ya wiki tatu Bahati, mpwa wangu, alikuwa anaposa kijijini Mpofi na msemaji wa ukoo ni mimi, isitoshe nikawaza, kisomi kabisa, kwamba dirisha kubwa huingiza mwanga mwingi.

“Fungua tu, Docteur!”

Mwanga uliingia, ila uliingia umepinda: milango ililala, nyuso zikarefuka kama za mbuzi, na kila mtu akawa na mwenzake amemkalia begani.

Huko Mpofi walitupangia wanawake watano waliovaa vitenge vya aina moja, na desturi ni kwamba msemaji wa waposaji, bila kuuliza, amtoe binti wanayemposa. Akikosea, wenyeji wana haki ya kuturudisha kwetu Masisi mikono mitupu. Bahati, aliyempenda Furaha miaka minne, akaninong'oneza, “Papa, wa pili toka kushoto.”

Wa pili! Mimi nilikuwa naona kumi. Nikahesabu hivyo hivyo, nikashika mkono, na kwa kuwa ulikuwa mgumu nikausifu kwa sauti ya mhubiri: “Muone mikono ya kazi! Huyu njo ua yetu!”

Ua likajibu, “Miye niko tayari, kijana, lakini bwana yangu iko pale na panga.”

Uwanja ukaanguka kwa kicheko, isipokuwa baba yake Furaha. “Bantu ya Masisi! Mutoto yangu hamumujue, mutamuchunga namna gani?” Bahati alikuwa karibu kulia. Basi nikakiri yote, kidonda, nyuzi, daktari wa katundu kadogo niliyekataa kumngoja, hadi falsafa yangu ya dirisha.

Kikongwe, ambaye ni mama wa huyo baba, hakuwa ameuachia mkono wangu. “Nyuzi iko ndani ya jicho? Na haikuume?”

“Haiume, Koko,” nikamjibu bibi huyo.

“Basi hata miye nitaenda. Lakini kwa yule wa katundu kadogo!”

Kumbe naye alikuwa na mtoto wa jicho, na mwanawe alikuwa amembembeleza miaka miwili akapasuliwe, anakataa. Baba yake Furaha akanitazama, akacheka mpaka akashika tumbo, halafu akamtoa Furaha mwenyewe, akauweka mkono wake katika wa Bahati.

Sasa nyuzi zimetolewa na milango imesimama wima. Jicho la kushoto litangoja kidonda kidogo, hata kama siku hiyo anayeoa ni mimi.