Kilio Chini ya Kitanda

Papa Paulin Kapya aliwapandisha na kuwashusha watu wa Lubumbashi maisha yake yote ya kazi, na wengi wao hawakuwahi kujua jina lake. Alikuwa fundi wa asansera, yale makabati ya chuma yanayobeba watu ghorofani katika majengo marefu ya katikati ya mji. Baba yake alikuwa mtu wa reli, aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga na sanduku la bati na rozari, na alipenda kuwaambia watu kwamba mwanawe naye ameingia reli, ila reli yake imesimama wima.

Kisha majengo yakazeeka. Asansera zikafa moja baada ya nyingine, wapangaji wakazoea ngazi, na Paulin akapewa mkono wa kwaheri. Mkewe naye akafariki. Paulin akahamia chumba kimoja nyuma ya parcelle, ua mmoja wenye nyumba za familia nyingi, chumba kilichojengwa zamani za Wabelgiji, wakati dari zilipokuwa zinawekwa juu sana ili joto lipate mahali pa kukaa. Humo akaingiza kila kitu cha nyumba ya zamani: kitanda, meza, viti, na hasa kabati la vyombo la marehemu, ambalo hakukubali limtoke machoni. Baada ya hapo aliingia kwake kwa ubavu, na akitaka kugeuka ilimbidi atoke nje kwanza.

Bintiye wa pekee, Madeleine, alifanya kazi benki na kukaa Golf, mtaa wa matajiri, katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Kila alipokuja aligonga goti kwenye kona ya kabati. Mara ya mwisho alikaa mlangoni akisugua goti lake, akamwambia baba yake kwamba hiki si chumba, ni depot ya mizigo, na kwamba mtu wa umri wake akianguka humo hata sakafu haitamwona. Atakuja Dominika baada ya misa, na gari. Ikiwa hatakuta nafasi ya mtu kutembea, atamchukua moja kwa moja, na kabati wapewe majirani.

Paulin hakubisha. Aliwahi kukaa Golf alipotengenezwa macho. Chakula kilikuwa kizuri na ukuta ulikuwa mrefu. Mtu pekee aliyemsalimia alikuwa mlinzi wa lango, aliyemwita muzee wa madame. Paulin alirudi kwake akiona vizuri zaidi, lakini kule hakuwa amepata cha kutazama.

Basi akaangalia juu. Nafasi yote iliyokosekana chini ilikuwa kule, imekaa bure pamoja na joto.

Alikuwa na mota ndogo alizozifungua katika milango ya asansera iliyokufa, na mikanda ya kuinulia mizigo. Sokoni akapata kisanduku chenye akili, kile kinachopokea amri ya kidude cha kubonyeza. Akaanza na meza. Meza ilipanda vizuri, ikashuka vibaya, ikatua juu ya bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, na parcelle nzima ikacheka hadi watoto wakatunga wimbo. Tangu hapo Paulin akafunga mlango wake na hakumweleza mtu tena. Alijifunza pia kuweka jicho chini ya kila kitu kinachoshuka, jicho la umeme ambalo likiona mtu au bakuli husimamisha mota, hulia tii, na kukirudisha kitu juu. Mwenyewe aliuita mtambo wake roboti, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja jina la mchumba.

Kitanda ndicho kilichohitaji msaada. Alilaza mbao uani, akajilaza juu yake chali, mikono kifuani, akamwomba jirani yake Stéphane, aliyekuwa dereva wa treni, apige alama kwa kipande cha makala, yaani mkaa, penye kichwa na penye visigino. Stéphane akapiga alama. Akauliza ni za nini.

"Utaona siku yenyewe," Paulin akasema, na kuingiza mbao ndani.

Stéphane alienda akamwambia mkewe kwamba muzee anajitengenezea sanduku la kuzikiwa. Mkewe akamwambia Mama Kyakimwa, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza samaki wa chumvi wa Kilwa ya Katanga kwenye barza ya mbele, na kwa Mama Kyakimwa habari haikai ndani. Kuanzia siku hiyo watu walimsalimu Paulin kwa sauti laini. Mama Kyakimwa alimtumia kipande kikubwa cha samaki. Paulin alishukuru, akadhani ni Kwaresima.

Dominika ikafika. Paulin hakwenda misa, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, maana benchi la mbele lilikuwa kama lake. Alisugua sakafu ikang'aa. Akaacha mlango wazi ikauke, viatu vyake akavipanga nje kizingitini. Kisha akabonyeza. Meza ikapanda na viti vyake vinavyoning'inia. Kabati la marehemu likapanda polepole, sahani zikigongana kidogo ndani kama zinazonong'onezana. Vyote vikaingia darini, na kutoka chini zikaonekana mbao nyeupe tu, zile alizozipigilia chini ya kila kitu ili zifanane na dari. Paulin alisimama katikati ya chumba akageuka, akageuka tena, kwa raha ya kugeuka.

Kikabaki kitanda, nacho kilitakiwa kupanda na mtu, maana Madeleine angetaka kujua kama ni salama. Na katika ufundi wa Paulin kulikuwa na sheria ambayo hakuivunja hata siku moja: asansera ikitengenezwa, wa kwanza kupanda ni fundi. Akalala, akabonyeza. Kitanda kikamwinua taratibu hadi karibu na dari, kikasimama bila kutikisika. Akatabasamu.

Umeme ukakatika.

Alibonyeza, kimya. Aliita mara moja, lakini parcelle nzima ilikuwa misani. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kule juu, kama Wabelgiji walivyopanga, kulikuwa na joto. Akasinzia.

Aliamshwa na kilio. Wanawake walikuwa wanalia, tena karibu sana. Paulin alishtuka, akajiuliza ni nani wa parcelle ametutoka, akawaza jirani mmoja, mama mgonjwa wa kifua, maskini, akajifanyia ishara ya msalaba na kuanza kumwombea. Alikuwa katikati ya Baba Yetu alipotambua kwamba jina linaloliliwa ni lake.

Mama Kyakimwa ndiye aliyeanza. Alirudi kutoka misani, ambako benchi la mbele lilikuwa tupu, akapita kumwangalia, akaona viatu mlangoni na ndani hamna kitu hata kimoja. Mjini hapa kila mtu anajua maana yake. Mtu akifa, sebule hutolewa vyombo vyote ili waombolezaji wapate kukaa chini. Chumba kilikuwa kimetolewa vyombo, sakafu imesafishwa, na mbao za kipimo cha muzee hazionekani. Hakuuliza zaidi. Alipiga kelele moja tu, na mikeka ikaanza kuingia.

Swali la maiti alilijibu Stéphane.

"Ni bantu ya Golf," alisema. "Balikuya na gari, balimubeba ku morgue, balitosha bintu yote inje. Na shiye hapa, hata kutuambia."

"Madeleine ni mutoto muzuri," Mama Kyakimwa akajibu, "lakini kwa hii, tutamuambia."

Kule juu, Paulin alifungua mdomo, kisha akaufunga. Madeleine alikuwa njiani. Akikuta parcelle nzima inahangaika kumshusha baba yake darini kama paka, mazungumzo yameisha. Jioni hiyo hiyo atalala Golf. Umeme ukirudi kabla hajafika, watu wakitoka kidogo, atashuka kimya, atavaa viatu, atatokea mlangoni kama aliyetoka matembezi. Kati ya kukutwa amekwama na kukutwa amekufa, aliona kufa kuna heshima zaidi.

Akalala akisikiliza. Walimsifu sana. Walisema alikuwa mtu wa watu, jambo ambalo hakulijua. Walikumbuka meza na sombe, wakacheka huku wanalia, watoto wakaimba ule wimbo. Uani alisikia turubai likifungwa, makala yakimwagwa, mtu akigombania sufuria kubwa. Kisha Stéphane akavuta pumzi ndefu na kusema kwamba marehemu alikuwa mwema, ila nyundo aliyoiazima kwake amekufa nayo.

Paulin aliuma shuka. Nyundo ile aliirudisha zamani, akamkabidhi mke wa Stéphane mkononi.

Ndipo umeme ukarudi. Kelele za furaha zikapigwa uani, zikakatwa haraka kwa heshima ya msiba. Paulin akabonyeza bila kufikiri. Mota ikanguruma, kitanda kikashuka upana wa vidole, jicho likaona chumba kimejaa akina mama waliokaa mikekani. Tii. Kikarudi juu.

"Simu ya nani?" Mama Kyakimwa akauliza. Kila mtu akatazama yake.

Akabonyeza tena. Tii. Roboti yake ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa. Ilikuwa imekataa kumtua juu ya watu wanaomlilia.

Nje gari likasimama. Sauti zikapanda, kisha vilio, kisha mtu akamlaumu madame kwa uchungu kwamba muntu hazikwi hivyo, si mbwa. Madeleine hakuelewa, halafu akaelewa. Aliingia na mkoba wake wa misa, akaona chumba kitupu, mahali palipokuwa kabati pakiwa sakafu tu. Akakaa katikati ya mkeka, chini kabisa ya kitanda, na hakulia kwa sauti. Alisema tu, polepole, kama mtu anayejibu swali:

"Nilikuja kumuchukua."

Paulin alikuwa ameweza kuvumilia sifa, na nyundo pia. Hilo hakuliweza.

"Madeleine," akasema. "Usilie, maman. Niko huku juu."

Chumba kikatoka. Haiwezekani kusema vinginevyo: watu hawakutoka, ni chumba chote kilichotoka kwa mlango mmoja, na mikeka, na Stéphane mbele. Akabaki Madeleine, ambaye alikuwa bado amekaa mkekani, na Mama Kyakimwa, aliyekuwa mnene mno kwa mlango uliojaa.

Madeleine akainua uso. Alitazama zile mbao nyeupe.

"Papa, ni weye?"

"Ni mimi. Ni kitanda. Umeme ilikatika."

Alieleza yote, kwa sauti ya fundi, kutoka nyuma ya mbao. Madeleine alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ulibadilika, kutoka msiba hadi furaha, kutoka furaha hadi hasira, mpaka ukatulia katika ule uso anaouvaa kwenye dirisha la benki.

"Sasa sogea kidogo," Paulin akamaliza. "Jicho inakuona, haitanishusha."

Madeleine hakusogea. Alivua viatu, akavipanga kando, akajilaza chali juu ya mkeka.

"Sema kwanza utakuya Golf."

"Basi nitabakia huku," Paulin akasema.

"Bakia. Mimi pia niko na fasi, nimelala muzuri."

Wakalala hivyo, baba darini na binti sakafuni, mbao katikati yao. Mlangoni vichwa vilikuwa vimerudi. Mama Kyakimwa alitaka kusema neno, kwa mara ya kwanza akalimeza. Uani sufuria ilikuwa inachemka, na harufu ya samaki ikaingia.

"Maman," Paulin akasema hatimaye, "kule kwako ningekufa, ni mulinzi njo angejua, akiona sahani yangu inarudi na chakula. Hapa nimechelewa tu kushuka, banaisha kuwasha makala."

Madeleine aligeuza kichwa akatazama nje. Aliona turubai jekundu limefungwa kwenye nguzo ya nguo, viti vya plastiki vya kuazima, gunia la makala, sukari ambayo mtu alikuja nayo katika karatasi ya gazeti. Huko Golf mwenzake wa ukuta kwa ukuta alifariki mwaka juzi, na yeye alijua kwa kuona magari. Alianza kucheka bila kutaka, tumbo likitikisika, machozi yakimwingia masikioni.

"Utaweka kintu ya kuzungusha na mukono," akasema. "Umeme ikikatika, ushuke."

"Nitaweka."

"Na kabati isinipige goti tena."

"Kabati iko juu ya kichwa yako. Uliiona?"

Madeleine akaketi, akapangusa uso, akachukua viatu vyake na kusogea hadi ukutani. Mota ikanguruma. Kitanda kikashuka taratibu mbele ya watu wote, na juu yake Papa Paulin amelala chali katika soksi, akiwa na haya kuliko maiti yeyote. Kikagusa sakafu. Kisha Stéphane akapenya katikati ya watu, na Paulin akainua kidole kabla hajapumua.

"Nyundo yako, ulizia bibi yako."

Chakula kilikuwa kimeiva, na chakula cha kilio hakirudishwi sokoni. Wakala bukari, yaani ugali, na samaki chini ya turubai. Paulin walimkalisha kwenye kiti cha wafiwa, karibu na binti yake, na wazee waliochelewa habari waliendelea kuingia na nyuso za huzuni na kumpa pole yeye mwenyewe. Alizipokea zote. Jioni gari likarudi Golf na Madeleine peke yake, na kipande kikubwa cha samaki kilichofungwa na Mama Kyakimwa.

Mkono wa kuzungusha upo sasa, umetiwa mafuta. Lakini tangu siku ile, yeyote anayeingia kwa Papa Paulin hutazama darini kwanza, ndipo anatoa salamu.