Amekuja na Kila Kitu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya hospitali moja huku Makueni. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amekuja kupasuliwa uvimbe wa shingo, na kama alivyoagizwa, hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake jioni. Akatoa kwenye kiondo vitu alivyoandikiwa kwenye karatasi ya hospitali alete: glovu, pamba, uzi wa kushonea. Hata mtungi wa maji alikuwa nao, maana mifereji ya hapo imekauka.

Nesi akavitazama. "Rudi wiki ijayo, mama. Daktari ameenda semina."

"Si mngeandika kwa ile karatasi," mama akasema, "hata daktari ningekuja naye."

Foleni nzima tukacheka, na nesi pia. Mama hakucheka. Namba yake ya simu iko pale juu ya faili, na hakuna aliyempigia hata kumwambia anywe chai.