Miiba ya Shangazi Ngan

Fung Ngan alitupikia kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akikiri kosa hata moja. Chumvi ikizidi, kosa ni la chumvi. Wali ukiungua, kuni ndizo zilizokuwa na kiherehere. Niliishi naye ua mmoja katika nyumba yetu ya watawa wa Kibuddha, mlimani Hong Kong, mimi nikiwa mtawa na mwalimu wa darasa la bure la wasichana. Kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Yeye hakuwa mtawa. Huko kijijini kwao aliapa mbele ya wenzake kwamba hataolewa, akafunga nywele kisogoni kuwa alama ya kiapo, akaja mjini kutafuta kazi. "Nilimkimbia mume mmoja," alizoea kusema, "nikaangukia kwa wanawake arobaini wasiokula nyama, wala hata kitunguu!" Alikuwa akitania kila kitu isipokuwa jambo moja: alipokuwa na miaka minane, baba yake alimpeleka kwenye nyumba ya tajiri akawe kijakazi. Hilo alilisema mara moja tu, tena akiwa amenipa mgongo.

Darasa lilikuwa chumba kimoja, na kwenye benchi la wawili walikaa watatu. Mwaka ule wa 1935 nilikuwa na orodha ya wasichana ishirini na sita waliokuwa wakingoja nafasi. Wa kwanza alikuwa Sau-lan, binti wa mchukuzi, mwenye miaka tisa. Baba yake alikuwa ameshatamka: asipopata shule kabla ya Mwaka Mpya, atapelekwa kutumika kwa watu. Kila asubuhi Ngan aliniuliza, "Mwalimu, yule mtoto wa mchukuzi vipi?" Nikimjibu kwamba bado, anakatakata kabichi kwa hasira mpaka inakuwa uji.

Ndipo Bi Mkubwa Kwok, mjane mwenye majumba, alipotuma salamu kwamba atakuja kula chakula cha mchana na kutuangalia. Akiridhika, atatujengea ghorofa ya darasa. Alikuwa ameapa kutogusa nyama wala samaki kwa miaka mitatu kwa ajili ya marehemu mumewe, na ulibaki mwezi mmoja tu.

Mama Mkuu wetu alishuka jikoni mwenyewe. "Ngan, mboga za majani na tofu, basi. Sitaki maonyesho."

"Nimesikia, Mama Mkuu."

Kusikia, alisikia. Siku ilipofika akaleta mezani samaki mzima, kichwa na mkia, amelala kwenye mchuzi wa soya na tangawizi. Nyama yake ilikuwa magimbi yaliyopondwa, ngozi ilikuwa mwani, jicho lilikuwa punje ya maharage meusi. Tulikuwa tumeshawala samaki wake wa namna hiyo, hatukushtuka. Ambacho hatukukijua ni kwamba safari hii, kwa kutaka sifa, alikuwa amechonga machipukizi ya mwanzi membamba kama sindano, akayakausha juu ya mkaa, akayapanga ndani yawe miiba.

Bi Mkubwa Kwok alitafuna, akaacha kutafuna, akatia vidole kinywani. Akatoa mwiba.

"Mmenilisha samaki?" Sauti ilimtetemeka. "Miaka mitatu yangu! Mbele ya Buddha, mmenilisha samaki!"

Akanyanyuka aondoke. Mjakazi wa Bi Mkubwa alikuwa ameshachukua mwavuli. Akilini mwangu nilimwona Sau-lan akitandika vitanda vya watu, na nikatamani kumnyonga mpishi kwa mikono yangu ya kitawa.

Ngan akatoka jikoni, akauchukua ule mwiba, akautafuna, akameza. "Bi Mkubwa, mwiba gani huu unaotafunika?"

"Wewe una meno ya mbwa! Utatafuna hata msumari."

"Haya, mimi mwongo. Tumuulize asiye na sababu ya kusema uongo."

Akaiweka ile sahani sakafuni mbele ya paka wa jikoni, jitu nene ambalo halikuwahi kuapa chochote, na lililokuwa likiiba samaki kwa majirani kila siku. Paka akasogea. Akanusa kichwa, akanusa mkia. Akamtazama Ngan kwa dharau, akarudi kulala.

Bi Mkubwa Kwok alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. "Mwandikie mpishi wangu namna ya kumpika samaki huyu," alimwambia Ngan. "Ghorofa mtapata."

Ngan akainamisha kichwa. "Sijui kuandika, Bi Mkubwa. Niliingia utumishi nikiwa mdogo."

"Basi orodha yenu iwe na watu ishirini na saba, na wewe ukiwemo. Sitaki karatasi iliyoandikwa na mwingine."

Sau-lan aliingia darasani siku nane kabla ya Mwaka Mpya, akibanwa kwenye benchi huku mafundi wakigonga juu. Jirani yake alikuwa mwanafunzi wa miaka arobaini na tisa, magoti yakigusa kidevu.

"Shangazi, mstari huo umeukosea."

"Nyamaza wewe! Nani anakupikia?"

"Umeukosea tu, Shangazi."

"Brashi ndiyo mbovu."

Ilimchukua mwaka mzima. Siku moja aliniletea karatasi ya kumpelekea Bi Mkubwa, herufi kubwa kama maandazi, nyingine zimelala ubavu. Magimbi, mwani, punje ya maharage, yote yalikuwemo. Mwisho kabisa, kwa mkono uliobonyeza hadi karatasi ikatoboka, aliandika: *Miiba usitie. Nilikosea.*

"Umesoma yote?" akaniuliza, macho kwenye sufuria.

"Nimesoma yote."

"Vizuri. Sasa usije ukaisoma kwa sauti."