Uzi kwenye Kola ya Marehemu

Fundi cherehani huyu, Mungu ampumzishe, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kuona uzi unaning'inia kwenye nguo ya mtu akaunyamazia. Alimchomoa bwana harusi uzi mbele ya madhabahu. Alimchomoa mchungaji uzi wa kola katikati ya sala, na mchungaji, macho kayafumba, akadhani ameguswa na mkono mkubwa zaidi, akapandisha sauti. Mkewe alimfinya paja. Haikusaidia kitu.

Binti yao alipoamua kutengeneza filamu yake ya kwanza, hakuwa na kampuni wala mfadhili. Alikuwa na kamera ya kuazima na ndugu wasiojua kukataa. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya marehemu aliyelazwa jenezani sebuleni huku jamaa zake wakigombania suti aliyovikwa. Baba mtu ndiye aliyepewa umaiti.

"Kazi ya kulala naiweza," alisema.

"Usipumue tu, Baba."

"Kupumua si shida. Muulize mama yako kuhusu kukoroma."

Siku ya kurekodi alitulia kama gogo, mpaka mwigizaji mmoja alipoinama kumlilia. Shati lake lilikuwa na uzi kwenye kola. Mkono wa marehemu ukatoka kwenye jeneza, ukaushika uzi, ukaukata kwa kucha, ukarudi kulala. Mwigizaji alipiga yowe la kweli. Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kipande hicho akakiacha kama kilivyo.

"Wakicheka hapo, basi," Fundi alimwambia mkewe. "Wasipocheka, nimekufa bure."

Filamu haijaonyeshwa, akafa kweli. Ulikuwa moyo. Alikuwa ameketi kwenye cherehani, suruali ya mteja ingali chini ya sindano.

Mtaa ukapata la kusema. "Amemchuria babake," watu walinong'onezana palepale msibani, vikombe vya chai mkononi. "Mtoto gani anamlaza mzazi wake kwenye jeneza la maigizo?" Binti akayasikia, akataka kuifuta filamu yote. Mama mtu akamnyang'anya kompyuta, akaifungia kabatini pamoja na mashuka.

"Babako hafi bure mimi nikiwa hai. Tutaionyesha kwenye ukumbi wa kanisa. Wenye maneno waje wakae mbele yangu."

Wakaja wote, uchuro haujawahi kumzuia mtu kuja kutazama. Mchungaji alikaa mstari wa mbele, kando ya mjane. Filamu ikaanza, na ukumbi ukanyamaza kama uko makaburini. Jamaa wakavutana suti: kimya. Shangazi wa kwenye filamu akajaribu viatu vya marehemu: mtu akakohoa. Nyuma, kwenye mashine ya kuonyeshea, binti alikuwa ameuma ncha ya mtandio. Mama alimjua mwanawe. Kipande cha uzi kikipita hivihivi, hatashika kamera tena, na maneno ya msibani atayaamini maisha yake yote.

Mkono ukatoka jenezani.

Mjane akaliona lile dole gumba lenye sugu ya mkasi likiutafuta uzi. Akamtupia jicho mchungaji. Mchungaji, bila kujijua, alikuwa ameikamata kola yake mwenyewe.

Kicheko kilimtoka mama puani kwanza, kama chafya, halafu kikamshinda kabisa. Mchungaji akamshangaa, akautazama mkono wake uliokuwa bado shingoni, naye akaangua. Hapo ukumbi mzima ukaachia. Mama mmoja aliyekuwa bingwa wa maneno ya uchuro ndiye aliyesimama na kupiga kelele, "Rudisha hapo, mwanangu, rudisha!" Binti akarudisha, machozi yanamtoka.

Nje, mchungaji alikuwa bado anafuta miwani. "Nilidhani ungelia, Mama."

"Nililia mazishini. Tena nikafanya na dhambi."

"Dhambi gani?"

"Niliacha uzi kwenye kola ya suti yake. Makusudi. Nikasimama pale nikingoja."

Mchungaji akavaa miwani yake taratibu. "Niliuona," akasema. "Unadhani ile sala niliirefusha kwa nini?"