Shanga Nilizovalishwa Doha

Mume wangu alipokufa nilivua shanga zote, kama afanyavyo mjane kwetu Samburu. Mama mkwe ndiye aliyenifungua shingoni, binti yangu wa miaka sita akiangalia. Mwaka wa kuomboleza haukuwa umeisha nilipomwacha mtoto na bibi yake nikaja Doha kutandika vitanda hotelini. Njaa haina matanga.

Siku moja meneja akaniita. Hoteli ilikuwa na sherehe ya mchana kwenye mkahawa wake kule kisiwa cha Pearl, eti siku ya Afrika, naye alikuwa ameambiwa kabila langu. Akanipa mfuko wenye shanga za plastiki, shuka nyekundu na mkuki. Mkuki, jamani. Kisha akanionyesha kwenye simu video ya muziki, wasichana waliovaa vipande vya ngozi wakirukaruka.

"Ruka hivi," akasema. "Usiongee. Tabasamu tu."

Nikamwambia kwetu wanaoruka hivyo ni morani, wanaume, na mkuki ni wao. Nikamwambia pia mimi ni mjane, sivai shanga. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba wageni hawajui hayo, na kwamba mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, nikavaa. Sitajitetea, mikono iliyozifunga ilikuwa yangu. Niliruka na mkuki kati ya meza za keki nikiwa bubu, mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayemsahihishia meneja huyohuyo Kiingereza cha matangazo yake. Mama mmoja akamuuliza mwenzake, mbele yangu, kama mimi ni wa kweli au ninaigiza tu. Nikatabasamu.

Hoteli ikaiweka video mtandaoni. Mambo ya aina hiyo hayapotei njia. Baada ya siku tatu ilikuwa imefika nyumbani.

Mama mkwe akapiga simu. Nilikuwa kitandani kwangu, mtaa wa Abu Hamour, nikingoja kutukanwa, na majibu nilikuwa nimeyapanga. Hakunitukana. Aliniambia binti yangu ameitazama ile video mara nyingi, kisha akatoka, akaketi mlangoni kutazama barabara. Chakula amekataa.

"Nimemuuliza anangoja nani," mama mkwe akasema. "Anasema mama amevaa shanga, kwa hivyo baba amerudi."